Siku Baba Alipotazama Ndani ya Pua Yangu

Juzi asubuhi, nikiwa ninaosha pua kwa maji ya chumvi kama ilivyo desturi yangu, mwanangu wa mwisho aliniuliza ni wapi hasa madaktari walinikata. Alinikagua uso mzima, akanyanyua nywele zangu kwenye paji, akaangalia chini ya kidevu, na hakuona kovu. Nilimjibu kwamba walipita puani, akaridhika na kwenda kuvaa sare ya shule. Mimi ndiye niliyebaki nikimfikiria baba, ambaye naye hakuwa na kovu la kuonekana, kwa kuwa lake lilifichwa chini ya mdomo wa juu.

Miaka iliyotangulia haihitaji maneno mengi. Pua ilikuwa imeziba pande zote mbili, uso uliniuma kila nilipoinama kudeki, ute ulishuka kooni usiku kucha, na harufu zilinipotea moja baada ya nyingine hadi nikawa ninapika mtori kwa kuangalia rangi yake tu. Katika zahanati niliyokuwa nikienda niliambiwa kila mara kwamba ni mafua ya aleji yanayoletwa na vumbi la mtaa wetu wa Pasua, nikaandikiwa antibaiotiki nyingine. Nyumbani nilijifukiza kwa majani ya mkaratusi. Nilitumia pia matone ya kuzibua pua ya dukani, ambayo yakiendelezwa zaidi ya siku chache huifanya pua izibe kuliko mwanzo, jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Kuna uchovu wa pekee katika kuumwa kitu ambacho kila mtu anakiita mafua, na ninawahurumia kwa dhati wote walio katika hali hiyo hivi sasa.

Baba alinisindikiza hospitali ya rufaa hapa Moshi katika baridi ya Julai. Alishuka kutoka Kibosho akiwa amevaa koti lake zito, lile alilokuwa akilivaa tangu alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Yeye mwenyewe alipasuliwa miaka ya 1970 kwa njia ya zamani: walichana ufizi chini ya mdomo wa juu, wakatoboa mfupa wa shavu, wakasafisha chumba cha hewa kilicho nyuma yake, kisha wakafungua dirisha jipya chini, upande wa ndani wa pua. Tangu hapo upande wa kushoto wa mdomo wake wa juu ulikuwa na ganzi. Alipokunywa chai aliupitishia kidole kila mara, kuhakikisha kwamba hakuna tone lililobaki ambalo hakulihisi, na sisi watoto tulikua tukidhani kwamba ndivyo wanaume wazima wanavyokunywa chai.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia baba, akamwomba asogeze kiti ili aione skrini vizuri, kisha akanipulizia puani dawa ya ganzi, ambayo uchungu wake ulinishukia hadi kooni. Alichukua kifaa chembamba kama kalamu, bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 4, lenye taa na kamera, akaliingiza taratibu. Nilitazama skrini kwa pembe ya jicho. Kwanza tuliona kuta za waridi, zenye unyevu na uhai. Aliposonga mbele kidogo, njia iliisha. Palikuwa na vinyama vya kijivu kilichopauka, laini na vyenye kung'aa, vimebanana kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata pumzi. Alikigusa kimoja kwa ncha ya chombo nami sikuhisi chochote. Baba aliinama mbele, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hivyo vyote vimo ndani ya mtoto wangu?" aliuliza.

Daktari alitundika picha za kipimo cha CT. Vyumba vya hewa vya uso, vile ambavyo wengi tunaviita sainasi, viko jozi nne: mashavuni, kati ya macho, kwenye paji, na ndani kabisa, karibu na kitako cha ubongo. Katika picha, palipo na hewa panapaswa kuwa peusi. Kwangu palikuwa pa kijivu karibu kote. Alieleza kwamba chumba cha shavuni kina lango dogo ambalo haliko chini, kama mtu angelitarajia, bali juu karibu na jicho, na kwamba kuta zake zimeota vinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute bila kupumzika kuelekea lango hilo. Lango likizibwa na uvimbe au vinyama, ute hubaki ndani na kuoza.

Baba alikuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa amekulia katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mifereji ya maji mlimani, ile tunayoiita mifongo, na jambo hili lilimgusa mahali anapopajua.

"Kwa hiyo ni mfongo unaopanda mlima," alisema.

"Unapanda, mzee. Na hata ukichimbiwa njia nyingine chini, bado unapanda kule kule."

Alitaka kujua nani aliyeligundua hilo. Daktari alimtajia Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliyetumia miaka mingi kufuatilia njia za ute kwa vifaa vya aina hiyo, na mwanafunzi wake Heinz Stammberger, na David Kennedy wa Marekani, ambao katika miaka ya 1980 walieneza upasuaji unaofungua malango ya asili kupitia tundu za pua bila kuchana uso wala ufizi. Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya utulivu, "Na yule aliyechimbiwa njia ya chini?"

Daktari alimtazama. Baba akanyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole, akamwonyesha mstari mweupe kwenye ufizi.

Sijasahau jinsi yule dada alivyolijibu swali hilo. Hakuharakisha na hakumficha. Alisema kwamba upasuaji ule ulianzishwa na Caldwell huko Marekani mwaka 1893 na Luc huko Ufaransa mwaka 1897, kila mmoja kwa wakati wake, na kwamba kwa miongo mingi ndio uliofundishwa kwa nia njema duniani kote. Lakini ute hulipita dirisha la chini na kuendelea kulitafuta lango la juu, na ikiwa lango lile halikuwahi kufunguliwa, ugonjwa unaweza kubaki. Akamwambia kwamba angeweza kumwangalia siku ile ile, papo hapo, kwa kifaa kingine kilicho safi.

"Leo tumekuja kwa ajili ya huyu," baba alisema.

Upasuaji wangu nausimulia kwa ufupi kwa sababu niliulala wote kwa nusukaputi. Kabla yake nilielezwa hatari zake waziwazi, kwamba mfupa unaotenganisha vyumba hivyo na jicho ni mwembamba kama karatasi na kwamba juu yake kuna ubongo, nikatia sahihi. Waliondoa vinyama na kufungua malango. Baadaye kulikuwa na damu kidogo, magamba na kusafishwa. Harufu ya kwanza kunirudia ilikuwa ya kahawa, hafifu, ikaja na kupotea kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Vinyama vya aina hii hupenda kuota tena, ndiyo maana ninaosha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kupuliza dawa niliyoandikiwa.

Baba hakurudi kule kuangaliwa. Nilimwomba mara nyingi, naye alijibu kwamba amezoea, mpaka alipotutoka. Huwa ninajiuliza kama maelezo yale yalimpa nafuu ya kujua hatimaye, au yalimwongezea mzigo ambao angeweza kuishi bila kuubeba, na siku nyingine ninajibu hivi, siku nyingine vile. Ninachokijua ni kwamba ndugu walipokuja kunipa pole, yeye ndiye aliyewaeleza habari ya vinywele, ya lango la juu na ya yule daktari wa Graz, kwa usahihi kuliko nilivyoweza mimi mwenyewe, na shangazi alipomuuliza kama si ugonjwa ule ule aliokuwa nao yeye, alisema wa kwake ni wa zamani, akaomba aongezewe chai.