Mlango wa Jiko

Februari 2016, nikiwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo Oulu, kaskazini mwa Finland, rafiki niliyekuwa nikiishi naye alinichukua kwenda kumsalimia bibi yake huko Suomussalmi, karibu na mpaka wa Urusi. Akaniambia nivae soksi mbili. Nilivaa tatu.

Kabla ya kufika kwa bibi tulisimama kwenye barabara ya Raate. Nilipofungua mlango wa gari tu, vinyweleo vya puani vikaganda, na simu niliyokuwa nimeichaji usiku kucha ikazimika mkononi. Pale pana mnara wenye kengele 105, moja kwa kila siku ya Vita vya Majira ya Baridi, Umoja wa Kisovieti ulipoivamia Finland, tangu 30 Novemba 1939 hadi 13 Machi 1940. Kuuzunguka kuna uwanja wa maelfu ya mawe ya kuwakumbuka waliokufa, Wafini na Wasovieti pamoja. Siku ile mawe sikuyaona. Niliona vinundu vya theluji tu, mpaka kwenye miti.

Rafiki yangu alinisimulia huku akirukaruka kupasha miguu moto. Januari 1940 divisheni ya 44 ya Wasovieti ilikwama hapo: vifaru, malori na farasi kwenye njia moja nyembamba, msitu huku na huku. Askari wa Kanali Siilasvuo wakatokea msituni kwa skii na mavazi meupe, wakaukata msafara vipande vipande. Kipande kilichozingirwa Wafini wanakiita motti. Wakulima wao hulitumia neno hilo kwa kuni zilizopangwa, mita moja ya ujazo, zikingoja kupasuliwa.

Nikauliza walikuwa wakilenga nini, nikitegemea aseme vifaru.

"Majiko," akasema. "Majiko ya jeshi, na mioto waliyokuwa wakiota."

Sikuelewa vizuri mpaka tulipokaa mezani kwa bibi. Alikuwa na miaka 83, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, na kahawa yake ilikuwa nyeusi tii. Mjukuu akitafsiri, alisema Desemba 1939, yeye akiwa na miaka sita, waliamriwa kuondoka. Mama yake alipata muda wa kumkamua ng'ombe tu. Jeshi la Finland huko lilikuwa dogo, likawa linarudi nyuma, na katika kurudi huko likachoma nyumba ili adui asikute hata ukuta wa kujikinga na baridi.

"Nyumba yenu aliichoma nani?" Nilidhani tafsiri imeruka mahali.

"Wetu," bibi akajibu, akanisogezea mkate.

Nilinyamaza. Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Missenyi, bibi mzaa mama alikimbia kuvuka Mto Kagera, ndizi zikiwa bado mekoni. Aliporudi alikuta kumebaki kuta tu. Ila yeye alikuwa na mtu wa kumlaani, na alimlaani mpaka anakufa. Huyu wa Suomussalmi amlaani nani? Askari aliyewasha moto alitoka kijiji cha pili. Alimwomba mama ufunguo, mama akampa. Hilo la ufunguo ndilo lililomchekesha bibi, akalirudia mara mbili.

Alijihesabu mwenye bahati, maana kwao kulibaki Finland. Watu zaidi ya 400,000 wa Karelia, eneo la mashariki ambalo Finland ililazimika kuwaachia Wasovieti, walihama makwao. Hata Viipuri, mji ambao siku ya kusitisha vita ulikuwa bado mikononi mwa Wafini, ulikabidhiwa kwa mkataba.

Wao walirudi majira ya kuchipua. Nyumba ya magogo ilikuwa imeteketea yote, lakini jiko la matofali na dohani lake vilisimama peke yake uwanjani. Mama akazoa majivu, akawasha, akaoka mkate chini ya anga wazi. Mvua ilikuwa ikinyesha, bibi alisema, na mkate ulikuwa mbaya.

Akainuka, akarudi na kipande cha chuma cheusi, kilo tatu hivi, bawaba moja imepinda. Mlango wa lile jiko. Nilimrudishia kwa mikono miwili. Akaenda nao ukumbini, akauegemeza kwenye mlango wa banda la kuni, usibamizwe na upepo.