Katiba yao na kile kipengele cha wafungwa

Jamani, huu mtihani wa uraia wa Marekani umenikesha nikisoma Katiba yao. Kijitabu kinauliza tangazo la Rais Lincoln lilifanya nini. Haya, lile la 1863 liliwapa watumwa uhuru, ila wa maeneo ya Kusini yaliyoasi tu, kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya Kentucky na Delaware hayakuasi, kwa hiyo huko mtu aliendelea kumilikiwa kisheria hadi yalipopita Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa. Baraza la Wawakilishi liliyapitisha Januari 31, 1865, kura 119 kwa 56. Lincoln akauawa Aprili. Desemba 6 Georgia ikaridhia, yakatimia majimbo 27 kati ya 36 yaliyohitajika kuyapitisha. (Kentucky yenyewe iliridhia 1976! Sijui walikuwa wanangoja nini.)

Kilichoniondolea usingizi kimo kwenye Marekebisho hayo hayo ya 13: utumwa marufuku, isipokuwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani kwa uhalifu. Vita vilipokwisha, majimbo ya Kusini yakawa yanamkamata mtu mweusi kwa uzururaji, halafu yanamkodisha mashambani na migodini. Ujanja mtupu, tena wenye muhuri wa mahakama. Colorado walifuta kipengele kama hicho kwenye katiba ya jimbo lao mwaka 2018. California wakapigia kura 2024, wakakataa.