Je, Utakwenda na Mtu Huyu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Mwanzo 24, ila safari hii limeanzia kwenye simu ya binti mmoja wa kwaya yetu ya vijana.

Binti alikuwa anasoma riwaya ya mapenzi, zile ambazo mmoja wa wapenzi si binadamu kamili. Huyu wa kwake ni kijana mtanashati, ana hela za kumwaga, na mwezi ukiwa mpevu anageuka mbwa-mwitu. Sura za mwanzo zinasomwa bure, halafu utamu ukikolea ndipo unaanza kulipia sura moja moja. Akasoma usiku kucha chini ya blanketi, na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe. Alipofika mwisho akanijia kwenye mazoezi ya kwaya, amenuna.

"Mama mlezi, yule dada hakuulizwa hata mara moja."

Nikamwomba anisimulie. Mwanaume anaingia ukumbini, ananusa hewa, anamwona msichana ambaye hajawahi kusema naye neno, anatamka: wewe ni wangu. Wameumbiwa kuwa pamoja, basi. Akikaribia, mwili wa msichana unatii wenyewe. Baadaye anamng'ata shingoni, na alama ile inawaambia mbwa-mwitu wengine wote kwamba huyu ana mwenyewe. Msichana anakasirika sura mbili, anajaribu kutoroka, anarudishwa, kisha anampenda. "Nilikuwa nasubiri aulizwe," binti akasema. "Nikalipia mpaka mwisho nikisubiri."

Wapo wazee waliposikia walisema afute hiyo programu kwenye simu na aombewe. Sibishani nao. Huku kwetu habari za watu na wanyama wakali hazijawahi kuwa za mahaba. Wazee wa Njombe wanajua simulizi za simba walioua watu wengi miaka ya 1930 na 1940, ambao wengi waliamini wametumwa kwa uchawi. Hakuna aliyetamani kuolewa nao. Lakini mkifuta programu, malalamiko ya binti mnayaweka wapi? Hakulalamikia meno wala manyoya, alilalamikia kukosa kuulizwa. Mimi naona moyo wake ulikuwa umesoma Biblia vizuri kuliko alivyojua.

Twende kisimani sasa. Mtumishi wa Ibrahimu, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke, amefika na ngamia 10, anaomba ishara: msichana atakayempa maji na kujitolea kuwanywesha ngamia wake pia, huyo ndiye. Rebeka anatokea kabla maombi hayajaisha. Tusipite haraka hapa. Ngamia mwenye kiu kweli anaweza kunywa lita 100 kwa mkupuo. Kwa ngamia 10 hizo ni kama ndoo 50 za lita 20, na Rebeka alikuwa na mtungi mmoja begani, akishuka kisimani na kupanda. Mabinti wa Mbeya mnaojua foleni ya bomba maji yakikatika mtaani, pigeni hesabu. Hakuna aliyemwamuru. Mgeni aliomba maji ya kunywa yeye tu.

Kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kusema "imeshapangwa, twende," ni hapo. Maombi yamejibiwa, ishara imetimia, Labani na Bethueli, kaka na baba wa Rebeka, wanakiri kwamba jambo hili limetoka kwa Bwana. Hata hivyo asubuhi wanamwita msichana wanamwuliza: Je! Utakwenda na mtu huyu? Naye anajibu, Nitakwenda.

Msomaji makini atanikatiza: usiku uliotangulia si baba na kaka walishasema mchukue uende? Ni kweli, na asubuhi ile hoja ilikuwa kuondoka mara moja au kukaa siku 10 kwanza. Basi tusimame kwa Ibrahimu mwenyewe, kabla ya safari. Mtumishi anamwuliza, itakuwaje mwanamke asipokubali kufuatana nami? Ibrahimu hasemi umlazimishe, wala hasemi haiwezekani akatae kwa kuwa Mungu ameahidi. Anasema asipokubali, wewe umefunguliwa kiapo changu. Yaani ndani ya ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu, ile ambayo uzao wote wa Isaka unaitegemea, uliachwa mlango wa msichana mmoja kusema hapana.

Na desturi yetu inalijua hili. Wageni wakishakaa na mshenga ameshasema yake, binti anaitwa mbele ya wazee: unawafahamu hawa? Tupokee? Pale ndipo hata mjomba anayependa kuongea ananyamaza. Najua wapo mabinti waliojibu "pokeeni" kwa kuogopa macho ya baba, na hilo ni deni letu. Lakini swali lipo.

Sisi Wamoravian tusimcheke sana huyo mtunzi wa mbwa-mwitu. Kule Herrnhut, Ujerumani, kwenye chimbuko la kanisa letu, karne ya 18, ndugu akitaka kuoa wazee waliomba kisha wakapiga kura kwa kuchomoa karatasi, na iliyotoka ikawa jibu. Walimaanisha kwa moyo wote kumwachia Mwokozi aamue. Ila hata kura ikikubali, dada aliulizwa, na alikuwa na ruhusa ya kukataa. Mwaka 1818 Sinodi, mkutano mkuu wa kanisa, iliiondoa kura ya ndoa kwa washirika wa kawaida, hivyo wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, washirika kwao walikuwa wameachana nayo zamani.

Sasa ninalotaka kusema hasa. Mbwa-mwitu huyu yupo kwenye mikesha yetu, amevaa tai. Anamsubiri binti nje ya kanisa saa kumi na moja alfajiri, binti amechoka, anatafuta bajaji, na kijana anamwambia kwa sauti ya upole: "Dada, Bwana amenionyesha wewe ni mke wangu." Hajawahi kumnunulia hata soda. Hajui anapenda nini, anaogopa nini, anasoma nini. Ameoteshwa, basi. Na binti anabaki amekumbatia mkoba wake, kwa sababu akisema hapana ataonekana hamkatai kijana, anamkataa Mungu. Huko ndiko kung'atwa shingoni. Na wengine wanaongeza nabii wa kuthibitisha, ili hata pa kukimbilia pasiwepo.

Kijana wangu, inawezekana kabisa umeonyeshwa. Mtumishi wa Ibrahimu naye alionyeshwa, tena wazi kuliko wewe. Akaeleza shida yake kwa wazazi, akakaa kimya, akasubiri jibu. Mlete mshenga. Uliza. Ukiambiwa hapana, umefunguliwa kiapo, nenda nyumbani ukale.

Na Bwana wetu mwenyewe, ambaye angekuwa na haki ya kutamka "ninyi ni wangu" na kufunga mjadala, mtazameni Yohana 6. Watu wengi wamegeuka na kumwacha, mahali pamebaki na kumi na wawili. Hawashiki mikono. Anawauliza kama nao wanataka kuondoka. Sidhani kama kuna mtunzi wa mahaba aliyewahi kuthubutu kumpa shujaa wake swali kama hilo, kwa maana wangeweza kweli kuondoka. Petro akajibu kwa hiari yake, na mnajua Petro alivyokuwa na kigugumizi cha moyo baadaye. Bado jibu lile lilikuwa lake.

Binti ameniuliza kama aanze riwaya nyingine. Nimemwambia asome, akifika sura ambayo dada anaulizwa na kupewa muda wa kujibu, aniletee nisome na mimi.

Ibada ya vijana Jumatano tutasoma Mwanzo 24 yote, aya 67, kwa zamu. Njooni na Biblia zenu. Na waliooteshwa waje pia, watakaa mbele.