Patternist: uanze na kitabu kipi?

Wasomaji wa hapa Moshi wanaoazimana Patternist, mfululizo wa riwaya za kisayansi wa mwandishi Mmarekani Octavia Butler, hubishana sana kuhusu pa kuanzia. Wanaofuata mwaka wa kuchapishwa hushika Patternmaster (1976), na wengi huishia njiani. Si ajabu. Kile ndicho mwisho wa hadithi: watu tayari wameunganishwa kwa nguvu za akili, na mtandao huo ulifumwaje, huelezwi.

Anza na Wild Seed (1980). Kinafunguka Afrika Magharibi mwaka 1690, Doro anayehama mwili hadi mwili akikutana na Anyanwu, mganga anayejigeuza umbo. Kisha Mind of My Mind (1977), Clay's Ark (1984), ndipo Patternmaster. Survivor (1978) usihangaike nacho. Mwandishi mwenyewe hakutaka kichapishwe tena.

Wapo wanaonung'unika kwamba Clay's Ark ni habari za vijidudu vya anga za mbali tu. Sawa, ila ukikiruka, wale Clayark wa kitabu cha mwisho, viumbe waliotokana na vijidudu hivyo, watakuwa mazimwi yasiyo na asili.

Anayetisha hasa ni Doro. Anaozesha watu kama mfugaji anavyochagua dume la mbegu.