Kila kadi ianze na jina la mtu

Maonesho ya sanaa huku kwetu kusini yana kasoro moja ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena. Kitu kinawekwa mezani, pembeni yake kadi ndogo: kinyago, mpingo, Mtwara, halafu bei. Ukiuliza ni kazi ya nani, unajibiwa "ya Wamakonde". Wamakonde ni wengi, kuanzia Newala na Tandahimba hadi ng'ambo ya Ruvuma. Aliyechonga ni mtu mmoja. Ana jina, ana aliyemfundisha, na mara nyingi yuko hai, unamfikia kwa nauli ya bodaboda tu.

Kwa hiyo nilipoombwa kusaidia kuandaa maonesho madogo pale Mikindani, ndani ya nyumba moja ya zamani ya mawe, niliomba nipewe kadi. Meza, vitambaa, spika, chakula cha wageni, hayo yalikuwa na watu wake. Mimi nilitaka kadi, na nilitaka kila kadi ianze na jina la mtu.

Mzee wa kwanza nilimkuta kazini chini ya mkorosho, kaketi kwenye kigoda, gogo kalibana kwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia, akanionesha pa kukaa, akaendelea. Ukiutazama mpingo kwa karibu ndipo unapoelewa kwa nini wachongaji hawapendi kuharakishwa. Gome linakwaruza, la kijivu. Chini yake kuna mti mweupe unaoelekea umanjano, tabaka jembamba, halafu ndiyo unafika kwenye kiini cheusi, na hapo hata mlio wa tezo unabadilika. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanamke aliyejitwika mtungi. Ule weupe wa mti hakuutoa wote. Aliuacha ukashuka begani hadi kiunoni, ukawa kanga. "Nilipoona weupe umepita hivi, nikajua kanga itakaa upande huu," aliniambia huku akiufuata mstari kwa kidole gumba. Baada ya tezo inakuja patasi, kisha tupa, kisha msasa, na mwisho kiwi ya viatu inayosuguliwa mpaka mti ung'ae. Mpingo wenyewe hukua polepole mno. Mti wa kuvunwa unaweza kuwa na miaka 70 hadi 100. Zamani, alisema, alikuwa anautafuta kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Sasa anasubiri vipande viletwe kutoka upande wa Lindi, na nauli ya gari inaingia kwenye bei.

Nilipomuomba jina lake lote kwa ajili ya kadi, alinyamaza kwanza. "Mwanangu, nimeanza kuuza nikiwa kijana. Mnunuzi anauliza bei. Jina hajaniuliza hata mmoja." Akachukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, majina yote matatu. Hapa siliweki, kwa sababu ruhusa aliyonipa ni ya kadi.

Jibu lake limekaa nami. Anayenunua kwake anapeleka Dar es Salaam, kitu kinauzwa Mwenge, kwenye soko la vinyago, kutoka Mwenge kinapanda ndege, na popote kinapofika kinaitwa sanaa ya Kimakonde. Wachache wanaojulikana kwa majina wanajulikana kwa sababu kuna mtu aliwauliza wangali hai, au wenyewe walifika mahali penye mtu wa kuuliza. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, yaani vinyago vya maumbo ya mizimu, miaka ya 1950. Yakobo Sangwani anatajwa kwenye dimoongo, ile nguzo ya watu waliobebana ambayo baadaye iliitwa ujamaa. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, mtoto wa huku kwetu aliyezaliwa 1934, ilibidi aende Dar es Salaam, kwenye kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa, ndipo kazi zake zikaonwa. 1978 zilioneshwa Washington, Marekani. Alifariki 2005. Najivunia Lilanga kwa moyo wote. Ila inaniuma kwamba mtoto wa Masasi anayetaka kuona mchoro wake halisi kwa macho anapaswa kusafiri.

Na hali hii ina historia ndefu. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala. Alikusanya vinyago na vyombo, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwa fonografu, na mzigo ukaenda kwenye jumba la makumbusho la Leipzig. Jina la mkusanyaji lipo. Mafundi kwa sehemu kubwa wamebaki kuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao. Halafu kuna kile kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller kule Geneva, na kikarudishwa Tanzania 2010. Nilifurahi sana kiliporudi. Katika habari zote nilizosoma kuhusu safari yake, walitajwa waliokinunua, waliokitambua na waliotia saini. Aliyekichonga sikumwona.

Lakini kuna kadi moja ambayo sikuandika jina, na naona nilifanya sawa. Mzee mwingine alileta lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani, kile kinachochezwa vijana wanapotoka jandoni. Nikauliza jina, akatikisa kichwa. "Hiki usiandike." Anayekivaa hafahamiki, amefunikwa nguo mpaka vidoleni, na kwa desturi watoto na wanawake hawakupaswa hata kujua kwamba ndani kuna mtu. Kinachongwa faraghani kwa sababu hiyohiyo. Alipoona nimeelewa akaongeza kwamba kile kingine alicholeta, cha kuweka mezani, nikiandike jina lake bila wasiwasi. Basi kadi ya lipiko ilisomeka: kinyago cha ngoma, mchongaji ameomba asitajwe. Yeye aliamua. Wale wengine wote hawakuulizwa, na mimi siwezi kuviweka viwili hivi kwenye kapu moja.

Mikeka ilitaka kunishinda. Waandaaji walikuwa wameipanga nje, barazani, pamoja na vyungu na korosho za kukaanga, kama bidhaa, wakati vinyago vimewekwa ndani, kama sanaa. Nilibishana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyozoea kusema mbele ya wakubwa zangu. Tulikubaliana mikeka mitatu iingie ndani, itundikwe ukutani, na siku ya ufunguzi watu walisimama hapo kuliko mahali pengine popote, hasa kina mama, wakipima upana wa ukili, ule utepe uliosukwa, kwa vidole na kuulizana zile rangi zimechemshwa na nini hata zikashika namna ile.

Bibi mwenye mkeka mkubwa alinieleza kazi yake tangu mwanzo: kuvuna ukindu, kuuanika, kuuchana chane nyembamba zinazolingana, kuchemsha na rangi, kusuka ukili pima kwa pima, halafu kushona ukili kwa ukili mpaka mkeka upate upana. Mstari wa zambarau ulikuwa unaanza, unakatika, unaanza tena pembeni, na ukili ulivyoshonwa vipande vile vilikutana sawasawa, hakuna kilichopotoka hata unene wa chane moja. Kulipata hilo inabidi uwe na mkeka mzima kichwani kabla hujasuka shubiri ya kwanza. Mtu akiniambia hiyo siyo sanaa, sijui tuzungumze nini zaidi.

Siku ya ngoma sitaieleza sana, aliyewahi kuona sindimba anajua. Ngozi za vinganga, zile ngoma ndogo, zilipashwa moto, mikia yake ikachomekwa ardhini, na uwanja ukajaa kabla hata mgeni rasmi hajafika. Mimi nilibaki ndani nikiangalia watu wa Mikindani wakisoma kadi kwa sauti. "Huyu si yule wa Chikongola?" "Huyu ni mjomba wake fulani." Kijana mmoja alisoma jina la babu yake, akaita wenzake watatu, wakaja, akasoma tena. Kwenye maonesho ya nyuma wenyeji walikuwa wanapita haraka, wanawaachia wageni. Safari hii walikaa.

Bibi wa mkeka naye aliisoma kadi yake, kisha akaniita. "Umeniandika mimi peke yangu. Rangi anachemsha binti yangu, na ukili nusu kausuka mama mkwe wake. Waandike." Nikaandika kadi nyingine palepale, majina matatu, kwa mpangilio alioutaka yeye.

Nimewaomba waandaaji mambo mawili kwa mwakani: vyungu navyo viingie ndani, na bei iandikwe nyuma ya kadi. La kwanza wamekubali, la pili bado tunavutana. Wiki ijayo nakwenda Newala kwa wafinyanzi kuanza kuuliza majina mapema, kabla ya Oktoba, maana korosho zikianza kudondoka hakuna atakayekuwa na muda wa kukaa na mimi.