Siku moja ndani ya Fisher Body Namba 1: zamu za mgomo wa kukaa, Flint, Januari 1937

(Saa zote ni za Kiswahili. Fisher Body Namba 1 kilikuwa kiwanda cha bodi za magari cha kampuni ya General Motors mjini Flint, Michigan, Marekani. Katika mgomo wa kukaa, wafanyakazi huacha kazi na kubaki ndani ya kiwanda.)

Saa 6 usiku. Zamu inabadilishana. Kila mgomaji anadaiwa saa 6 za kazi kwa siku, lakini hazifanyi kwa mkupuo: 3 kazini, 9 kupumzika, halafu 3 tena na 9 tena. Anayeingia sasa atatoka saa 9 usiku na kurudi saa 6 mchana. Ukimweka mtu getini saa sita mfululizo kwenye baridi ya Michigan, atasinzia tu.

Doria maalumu huzunguka kiwanda kila saa, usiku na mchana. Inakagua milango na madirisha, inawakamata wavuta sigara pale penye pamba za viti na rangi, na inafuatilia uvumi. Uvumi kwamba polisi wako njiani, au kwamba mwenyekiti kauza mgomo, unaweza kutoa watu wengi nje kabla ya kupambazuka.

Kinacholindwa hasa ni kalibu, zile za chuma zinazokandamiza bati liwe bodi ya gari. Za magari mengi ya General Motors ziko hapa na Cleveland. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi waliona kalibu zikipakiwa kwenye mabehewa, wakajua kazi inahamishiwa kwingine. Usiku huohuo wakakaa.

Saa 12 asubuhi. Watu wanaamka ndani ya bodi za magari ambazo hazijakamilika, au juu ya viti vya gari vilivyotandikwa sakafuni. Wanaishi kwa vikundi vya watu kama 15, kila kikundi na nahodha wake. Kuoga ni lazima kila siku. Ukijaza wanaume kwenye jengo moja wiki kadhaa, chawa na kikohozi vitawatoa upesi kuliko askari.

Saa 2. Mkutano wa wote. Kamati zinatoa ripoti: chakula, ulinzi, usafi, michezo, elimu, habari. Kamati ya mgomo inapendekeza, mkutano unapiga kura. Unachosha, ndiyo, lakini asiyeulizwa hurudi nyumbani.

Saa 4. Jikoni ni nje, kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya barabara. Wanawake ndio wanaoubeba mzigo huu, pamoja na mpishi mzoefu aliyetoka Detroit. Hesabu ya siku moja: nyama ratili 500 (kama kilo 227), viazi ratili 1,000, mikate 300, kahawa ratili 100, sukari ratili 200, maziwa mabichi galoni 30. Chakula kinavushwa kwenye masufuria makubwa chini ya ulinzi. Hapa ndipo mgomo unapobanwa kirahisi. Tarehe 11 Januari, kule Fisher Namba 2, kiwanda kingine cha General Motors mjini humo kilichokuwa kwenye mgomo, kampuni ilizima joto na kuzuia chakula getini. Polisi wakaja na mabomu ya machozi na risasi. Waliokuwa ndani wakajibu kwa mipira ya zimamoto, chupa na bawaba za milango ya magari, zenye uzito wa ratili mbili hivi kila moja. Wagomaji zaidi ya kumi walijeruhiwa kwa risasi, polisi wakarudi nyuma.

Saa 9 alasiri. Usafi mkubwa. Madirisha yanafunguliwa hata theluji ikianguka, watu wanapanga mstari upande mmoja wa jengo na kufagia wakielekea upande wa pili. Mashine haziguswi. Wagomaji wana akili hapo: mkwaruzo mmoja kwenye mtambo ungetosha kwa wakili wa kampuni kuwaita wahuni mbele ya jaji na ya Gavana Frank Murphy.

Saa 11 jioni. Mahakama ya wagomaji inakaa, nusu mzaha, nusu kweli. Aliyetupa takataka au kukosa zamu anaosha vyombo. Aliyeingiza pombe anaweza kutolewa kabisa. Silaha za moto na kamari ni marufuku.

Wake wanakuja dirishani, watoto wanapitishwa juu kwa mikono ili baba awashike kidogo. Wafanyakazi wa kike waliombwa watoke siku ya kwanza, magazeti yasije yakapata la kusema. Baadaye wanawake, wengi wao wake na jamaa wa wagomaji, waliunda kikosi na kusimama nje na kofia nyekundu.

Saa 3 usiku. Gitaa, banjo na kinanda cha mdomo.

Saa 5 usiku. Wenye vibali vya kutoka wanarejea. Kila mmoja anapekuliwa, chupa na silaha zinabaki nje. Kisha wanahesabiwa. Kazi hii haipewi mtu yeyote tu, kwa sababu vibali vikitolewa ovyo, kila wiki wanapungua wachache: huyu mke mgonjwa, yule kodi ya nyumba, na jengo lenye mageti mengi linabaki na walinzi wasiotosha hata ngazi za mbele.