Mlango uliofunguka hata kwa neno "ugali"

Jamaa mmoja anayejiita fundi wa programu alinishauri hivi: ukitaka mchezaji aandike neno lolote kati ya mawili, tia or (yaani "au") katikati, umemaliza. Mchezo wangu ni wa maandishi matupu, kwa Python, lugha ya kuandikia programu: uko pangoni, mbele yako mlango, jini analinda. Nikaandika alivyosema (if ni "kama", amri ni alichoandika mchezaji):

if amri == "fungua" or "sukuma":

Mlango ukafunguka, nikafurahi. Mdogo wangu akaandika "lala", ukafunguka. Akaandika "ugali", ukafunguka. Akamtukania jini mama yake, ukafunguka vilevile! Alicheka hadi akakohoa, kisha akaanza kuuandikia majina ya wachezaji wa Simba, kipa kwanza.

Nilipombana yule fundi akasema Python yangu ni mbovu, niipakue upya. Bando langu likaenda hivihivi. Python haina ubovu: hapo inasoma maswali mawili. Je, amri ni "fungua"? La sivyo, je, "sukuma" ni kweli? Na kwake neno lolote lisilo tupu ni kweli, basi sharti linapita daima. Dawa ni kuuliza kama amri imo kati ya hayo mawili:

if amri in ("fungua", "sukuma"):

Ukibakiza neno moja, usifute mkato: ("fungua",). Bila huo mkato mabano hayana kazi, na mchezaji akiandika "fu" tu anapita, kwa sababu "fu" imo ndani ya "fungua".

Ushauri wake wa pili ulikuwa nisichanganye and ("na") pamoja na or kabisa, nipachike if ndani ya if. Huo sikuufuata, na najisifu. Mlango wa pili unataka taa, pamoja na ufunguo au shoka. Ukiandika ufunguo or shoka and taa, and inatangulia, kwa hiyo mwenye ufunguo anaingia gizani bila taa. Nikachora jedwali daftarini: vitu vitatu, kila kimoja kipo au hakipo, mistari 8. Mitatu tu ndiyo ya kumpitisha mtu. Kisha:

anapita = taa and (ufunguo or shoka)

Mstari mmoja, badala ya ngazi za if zinazokimbilia ukingo wa kioo.

Mpangilio nao una faida yake. Chukulia mkoba ni orodha ya vitu vya mchezaji, na mkoba[0] ni kitu cha kwanza. if mkoba and mkoba[0] == "taa" haikwami mkoba ukiwa mtupu, maana Python ikikuta upande wa kwanza si kweli haigusi wa pili. Zigeuze pande hizo, mchezo unakatika na IndexError, kosa la kuomba kitu kisichokuwemo kwenye orodha.